Makisio ya Watazamaji na Safari ya Wakati: Tamthilia ya Dark Mbele ya Kumuse ya Wabukusu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo uhakiki wetu wa fasihi haujalipa nafasi kubwa, nalo ni yale makisio ambayo watazamaji wa tamthilia za televisheni huyatunga wanapokuwa katikati ya kisa, kabla hawajaonyeshwa mwisho wake. Tamthilia tutakayoichunguza ni Dark, iliyobuniwa na Baran bo Odar na Jantje Friese wa Ujerumani, ikaonyeshwa na kampuni ya Netflix kwa misimu mitatu: wa kwanza Desemba 2017, wa pili Juni 2019 na wa tatu Juni 2020. Jumla yake ni sehemu 26. Ni tamthilia ya safari ya wakati, yaani wahusika wake huondoka katika mwaka mmoja wakatokea katika mwaka mwingine, mbele au nyuma.

Huenda msomaji akauliza: kisa cha Wajerumani kinatuhusu nini sisi wa idara ya lugha za Kiafrika? Majibu ni mawili. La kwanza ni kwamba vijana wetu wanakitazama. Tangu Netflix ilipofika Kenya Januari 2016, filamu na tamthilia za namna hii huonekana kwenye simu za wanafunzi wanaotoka Bokoli, Webuye, Bungoma na Kitale sawasawa na kwa wale wanaotoka Nairobi. La pili ni zito zaidi. Imewahi kudaiwa, na mwanachuoni mkubwa wa nchi hii hii, kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa kutajika. Dai hilo likiwa kweli, basi kijana wa Bokoli anayejadili safari ya wakati amevaa nguo ya kuazima. Likiwa si kweli, basi anayo nguo yake nyumbani, na kazi ya mwalimu ni kumwonyesha ilipotundikwa. Hilo ndilo suala tutakalolipima.

2. Istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada yafaa tukubaliane juu ya maneno. Watazamaji wenyewe huita mawazo yao "nadharia". Sisi tutatumia neno "makisio". Nadharia katika taaluma yetu ni mfumo wa mawazo unaoeleza mambo mengi ya aina moja. Tunasema nadharia ya fasihi simulizi, au nadharia ya sarufi. Mtazamaji anayesema "fulani na fulani ni mtu mmoja" hajatunga mfumo. Amekisia, kwa ushahidi, jambo moja ambalo kisa hakijalisema bado. Neno kisio linafaa kwa sababu ndani yake mna kipimo: fundi hukisia urefu wa boriti, kisha huipima. Kisio hungoja kupimwa.

Kwa tendo lenyewe tutasema "safari ya wakati". Kwa hali ambapo tukio la baadaye ndilo linaloleta tukio la awali, nalo la awali likaleta la baadaye, tutasema "mzunguko". Na kwa kauli inayojipinga lakini ikawa kweli, tutatumia "kweli kinzani", istilahi ambayo wanafunzi wa ushairi wanaifahamu.

Liko pia jambo la kutenga nyakati mbili. Msafiri wa wakati anao wakati wa kalenda, ambao ni wa watu wote, na wakati wake mwenyewe, ambao ni umri wa mwili wake. Sisi tuliobaki nyumbani nyakati hizo zinakwenda pamoja kama ng'ombe wawili katika nira moja. Kwa msafiri zinaachana. Kesho yake inaweza kuwa mwaka 1986 ilhali jana yake ilikuwa 2019. Mwanafunzi akishika tofauti hii, nusu ya ugumu wa tamthilia umekwisha.

3. Kisa kwa ufupi

Mji wa kisa unaitwa Winden. Una msitu, pango, na kituo cha umeme wa nyuklia. Mtoto aitwaye Mikkel anapotea usiku mmoja wa Novemba 2019 karibu na pango hilo. Watu wanamtafuta asionekane. Mtazamaji anakuja kujua kwamba mtoto alitokea upande wa pili wa pango katika mwaka 1986, akakosa njia ya kurudi, akalelewa huko, akakua, akaitwa Michael, akaoa, akazaa mwana aitwaye Jonas. Jonas huyo ni kijana katika mwaka ule ule wa 2019 ambamo Mikkel alipotea. Tena Jonas anampenda msichana aitwaye Martha, ambaye ni dada yake Mikkel. Kwa maneno mengine, Jonas amempenda shangazi yake bila kujua.

Mizunguko ya Winden huenda kwa miaka 33: kutoka 2019 hadi 1986, kutoka 1986 hadi 1953. Baadaye mtazamaji anapelekwa hadi 1921, hata 1888, na mbele ya 2019 pia. Yumo mama aitwaye Charlotte na bintiye Elisabeth, na katika msimu wa pili inafichuka kwamba Elisabeth ndiye aliyemzaa Charlotte. Mama ni mtoto wa mtoto wake. Iko pia sentensi ambayo kwa mtu wa kawaida ingekuwa kitendawili: "Hajazaliwa, naye amekwisha kufa." Kwa mtu wa Winden hiyo ni habari ya kawaida tu.

4. Jinsi kisio linavyotungwa

Watazamaji wa Dark walipata muda mrefu wa kukisia. Kati ya msimu wa kwanza na wa pili ulipita mwaka mmoja na nusu, na kati ya wa pili na wa tatu mwaka mzima. Watu wakachora miti ya nasaba, wakaorodhesha tarehe, wakalinganisha makovu na sura za waigizaji. Watunzi nao waliwachokoza: msimu wa pili ulitolewa tarehe 21 Juni 2019, siku ambayo katika kisa Michael anajiua, na wa tatu ukatolewa tarehe 27 Juni 2020, siku ambayo katika kisa dunia ya Winden inaangamia. Kalenda ya kisa ikagusana na kalenda ya mtazamaji.

Tukichambua makisio hayo tutaona yana hatua nne. Kwanza ni dalili, yaani jambo lililoonekana au kusikika. Pili ni kanuni ya ulimwengu wa kisa, mathalani kwamba mtu mmoja anaweza kuonekana katika umri mbalimbali kwenye mwaka mmoja. Tatu ni kisio lenyewe. Nne ni utabiri: kama kisio ni kweli, tutaona jambo fulani.

Tuchukue mfano. Katika msimu wa kwanza kuna mtu aliyevaa kikasisi aitwaye Noah, ambaye anamwandama kijana Bartosz kana kwamba anamjua tangu zamani. Watazamaji wengi wakakisia kwamba Noah ni Bartosz mwenyewe aliyezeeka. Dalili ilikuwapo, kanuni iliruhusu, na utabiri ulikuwa wazi: tutaonyeshwa Bartosz akigeuka kuwa Noah. Tamthilia ilipoendelea ikaonyesha sivyo. Bartosz ni baba yake Noah. Kisio lilianguka, hata hivyo halikuwa upuuzi. Waliokisia walinusa undugu uliokuwamo, wakakosea aina yake tu. Kwa upande mwingine, wale waliokisia kwamba mzee Adam mwenye uso ulioharibika ni Jonas mwenyewe walithibitishwa katika msimu wa pili.

Hapa ndipo penye thamani ya kielimu. Kisio la mtazamaji hutolewa mbele ya ushahidi wa mwisho, na kisa chenyewe huja kuwa hakimu. Mwenye kisio hawezi kurudi nyuma akasema, "Nilikusudia hivi." Nidhamu hiyo tunaihitaji katika insha za wanafunzi wetu, ambao aghalabu huanza na mwisho wa riwaya kisha wakatafuta sababu za kuufikia.

5. Aina tatu za wakati na viambishi vya Kiswahili

Makisio yote ya safari ya wakati hutegemea swali moja: je, lililopita laweza kubadilishwa? Majibu ya watunzi wa visa duniani ni matatu, na Kiswahili kina njia ya kuyataja yote bila kuazima.

Jibu la kwanza ni wakati usiobadilika. Msafiri akirudi nyuma hawezi kuzuia jambo. Kila anachofanya ndicho kilichofanyika tangu awali. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki, na katika wakati wa aina hii hata anayerudi kuyazoa hugundua kwamba yeye ndiye aliyeyamwaga. Hiki ni kikoa cha kiambishi -li-. Alikwenda, akafa, basi.

Jibu la pili ni wakati unaobadilika. Msafiri hurudi, hutengeneza, na dunia anayoirejea ni nyingine. Filamu ya Kimarekani Back to the Future ya 1985 ni ya aina hii: kijana anakaribia kufutika kwa sababu amewavuruga wazazi wake kabla hawajaoana.

Jibu la tatu ni wakati wa matawi. Msafiri habadilishi lililopita, bali huanzisha tawi jipya kando ya lile la kwanza, na yote mawili huendelea.

Mwalimu wa sarufi ataona mara moja kwamba mzozo uliopo kati ya majibu haya ni ule wa -nge- na -ngali-. Kwa kanuni tuliyofundishwa, -nge- hutaja jambo ambalo bado lawezekana, na -ngali- hutaja jambo ambalo nafasi yake imekwisha kupita. "Kama Mikkel asingaliingia pangoni, Jonas asingalizaliwa." Ni kweli kwamba wasemaji wengi wa leo huvichanganya viambishi hivi, na wanafunzi wetu hulalamika kwamba tofauti hiyo ni ya vitabuni. Wape basi safari ya wakati. Jonas anaporudi nyuma kumzuia baba yake asijiue, anajaribu kuligeuza -ngali- liwe -nge-. Mtazamaji anayekisia kwamba atafaulu anasema nafasi bado ipo. Anayekisia kwamba atashindwa anasema imekwisha kupita. Mgogoro wa tamthilia nzima umekaa ndani ya silabi mbili. Sijaona zoezi la sarufi lililo bora kuliko hilo kwa kumfanya mwanafunzi aone kwamba kiambishi kina uzito wa maisha ya mtu.

Na methali yetu ya majuto ni mjukuu, huja baadaye? Katika Winden mjukuu anaweza kutangulia babu. Methali inapinduka, na mwanafunzi anayeielewa ndiye atakayeuona upinduzi huo.

6. Dai la Mbiti

Sasa tuliendee lile dai tulilolitaja mwanzoni. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Humo alieleza wakati kwa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Kwa maoni yake, wakati wa Mwafrika wa jadi una pande mbili: zamani ndefu isiyo na mwisho, na sasa. Wakati ujao wa mbali hauna nafasi, kwa kuwa matukio yake hayajatukia, na kisichotukia hakifanyi wakati. Alitoa ushahidi wa vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, ambavyo alisema havina njakati za kutaja mbele ya miezi michache hadi takriban miaka miwili. Wanafalsafa walimjibu, mmojawapo akiwa Kwame Gyekye wa Ghana, na mjadala haujafungwa.

Tusimdhulumu Mbiti. Kiswahili chenyewe chaweza kumpa ushahidi. Baada ya kesho tuna kesho kutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo, na hapo majina ya siku yanatuishia. Siku nne! Zaidi ya hapo hatuna budi kuhesabu. Lakini je, msamiati wa siku ndio kipimo cha fikra za watu? Hata lugha za Ulaya hazina majina mengi kuliko hayo ya siku zijazo, na hakuna anayesema kwamba wenyewe hawana kesho.

Kipimo kilicho bora ni kutazama taasisi ambazo watu wamezijenga. Na hapa tunarudi Bungoma.

7. Marika ya Wabukusu

Wabukusu hutahiri wavulana katika mwaka wa namba shufwa, mwezi Agosti ukiwa kilele chake. Waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa rika moja lenye jina. Majina ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kila rika huchukua mwongo mmoja au zaidi kidogo, na majina yakiisha huanza upya, hata mzunguko mzima ukakaribia karne. Waliotahiriwa katika miaka ya 1970 ni Chuma, na kulikuwa na Chuma wengine karne moja kabla yao.

Mtu aliyezoea Winden atatambua umbo hili mara moja: pale miaka 33, hapa takriban 100. Lakini tofauti yake ni kubwa nayo ndiyo inayotufaa. Winden ni mzunguko wa matukio: yaliyofanyika hufanyika tena, kwa watu wale wale, na hakuna anayetoka. Marika ni mzunguko wa majina. Mtu wa Chuma wa 1972 hakuwa mtu wa Chuma wa karne ya 19. Alipokea jina lake akalijaza kwa matendo mengine. Jina linarudi, mtu harudi.

Tazama sasa dai la Mbiti linavyopata shida. Mzee wa Bokoli aweza kukutajia jina la rika ambalo vijana watatahiriwa ndani yake miongo mingi ijayo, ambao baba zao hawajazaliwa. Ametaja wakati ujao wa mbali, tena kwa jina maalumu, bila kuhesabu miezi.

Mtetezi wa Mbiti anaweza kujibu kwamba Mbiti mwenyewe alikubali mambo ya mbele yaliyo katika mwendo wa maumbile, kama vile mvua na mavuno, na kwamba marika ni mfano wa hayo. Jibu hilo halitoshi. Mvua hunyesha watu wapende wasipende. Rika haliji lenyewe. Lazima mvulana apige njuga na kualika jamaa, lazima mtahiri anoe kisu, lazima wazee wakubaliane. Ni wakati ujao ambao watu wameahidiana kuutengeneza. Ahadi ya karne nzima si dalili ya watu wasio na kesho.

8. Unabii na bei ya kisio

Wabukusu pia wana omung'osi, yaani mtabiri. Masimulizi ya wazee huwakumbuka Mutonyi wa Nabukelembe na Maina wa Nalukale, na kuwahusisha na bishara za ujio wa wageni weupe. Bishara za namna hiyo ziko kwa majirani pia: Wanandi humtaja Kimnyole, na Wakikuyu Mugo wa Kibiro, na ile habari ya nyoka wa chuma ambaye baadaye watu walimtambua kuwa ni gari moshi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 tawi la kwenda Uganda likapita katika nchi ya Bungoma.

Bishara na kisio la mtazamaji ni ndugu: yote mawili husoma dalili na kutaja lisiloonekana bado. Lakini mhakiki hana budi kuuliza swali moja ambalo tamthilia imetufundisha: kauli ilisemwa lini? Kisio juu ya Bartosz lilitolewa kabla ya hukumu, ndiyo maana tunajua kwamba lilianguka. Bishara nyingi zetu ziliandikwa baada ya reli kupita. Hatusemi kwamba ni uongo. Tunasema kwamba kinachosimuliwa leo ni bishara pamoja na tafsiri yake, na mwanafunzi wa fasihi simulizi anapaswa kuzitenga.

Tofauti nyingine ni bei. Anayekisia vibaya juu ya Noah hupoteza ubishi wa jioni moja. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyetangaza kwamba Wazungu hawana budi kuondoka, alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945. Mwezi Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuwaua baadhi yao. Mwaka huo huo dini ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Serikali ya kikoloni ilielewa vema kuliko tunavyodhani kwamba mtu anayesema juu ya kesho kwa uhakika anaigusa leo. Mwaka 1963 bendera ya mkoloni ilishuka. Masinde aliishi akaiona siku hiyo, akafariki mwaka 1987.

Yafaa pia tukumbuke kwamba mwaka 1895, ambao H. G. Wells alichapisha London riwaya yake ya mashine ya wakati, ndio mwaka ambao majeshi ya Waingereza yalizishambulia ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Mwingereza mmoja alikuwa akibuni chombo cha kufikia wakati ujao; wengine walikuwa wakiamua kwa bunduki wakati ujao wa watu wengine. Fasihi ya safari ya wakati haikuzaliwa mbali na historia yetu.

9. Kumuse

Nimeacha kwa makusudi mfano ulio mkuu kuliko yote. Anapofariki mzee wa heshima, Wabukusu hukutana siku chache baada ya maziko kusikiliza kumuse. Msemaji wake hutoka katika koo maalumu zenye kipawa hicho. Watu huketi, uwanja huachwa wazi katikati, naye huukanyaga akienda na kurudi, bakora mkononi. Hukumbusha asili, Mwambu na Sela, mtu wa kwanza na mkewe. Hukumbusha Mango aliyeua nyoka akastahili kutahiriwa. Hutaja vita, njaa, koo na wang'osi. Kisha huyaleta hayo hadi kwa marehemu na waliofiwa, na kuonya juu ya yajayo. Kwa saa chache waliokaa uwanjani wametembezwa katika zamani, sasa na kesho, na kurudishwa nyumbani.

Linganisha na mwisho wa Dark. Katika msimu wa tatu tunaambiwa chanzo cha mafundo yote. Fundi saa aitwaye Tannhaus alifiwa na mwanawe, mkwewe na mjukuu wake mchanga katika ajali ya gari. Hakukubali. Akajenga mashine ili arudi nyuma awaokoe, na mashine hiyo ikaupasua ulimwengu wake ukawa dunia mbili zilizofungana kwa mizunguko isiyokoma. Jonas na Martha wanapoizuia ajali ile, dunia zao mbili zinatoweka pamoja na wao wenyewe.

Sasa tunaweza kusema ambalo makisio mengi ya watazamaji hayakulifikia, kwa kuwa yalishughulika na nani ni nani. Dark ni kisa cha msiba usiotulizwa. Tannhaus anarudi nyuma ili aufute msiba. Kumuse inarudi nyuma ili msiba upate mahali pa kukaa. Yeye yuko peke yake na chombo chake. Hapa jamii nzima imeketi uwanjani. Yeye anapigana na -ngali-. Msemaji wa kumuse huanza kwa kulikubali -li-, kisha hufungua -ta-. Wote ni wasafiri wa wakati, ila mmoja tu ndiye aliyejua njia ya kurudi.

10. Katika Kiswahili na darasani

Fasihi yetu andishi si geni katika uwanja huu. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) anampeleka Dzombo kwa chombo hadi nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, husema "wale ni sisi". Ni safari ya anga kwa umbo, lakini msomaji anaisoma kama safari ya kwenda katika kesho inayowezekana. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) amegeuza njia: mtu haendi zamani, bali zamani ndiyo inayomjia, kwa sura ya babu aliyefufuka kumhoji mjukuu. Kezilahabi naye katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliuvunja wakati wa mstari mnyoofu. Mwanafunzi aliyekwisha kupigana na Winden hataviona vitabu hivi kuwa vigumu mno.

Ninapendekeza kwa walimu zoezi dogo. Wanafunzi wasome nusu ya mojawapo ya riwaya hizo, vitabu vifungwe, kila mmoja aandike kisio lake kwa hatua zile nne: dalili, kanuni, kisio, utabiri. Karatasi zitiwe tarehe na kuhifadhiwa. Riwaya ikimalizika zifunguliwe. Alama zitolewe kwa ubora wa hoja, si kwa kupatia, maana kisio la Bartosz lilikuwa na hoja njema ingawa lilianguka. Zoezi la pili lifanywe nyumbani: kila mwanafunzi amwulize mzee wake majina ya marika au ya vizazi, aandike mwaka anaoufahamu wa kila jina, kisha akadirie jina la miaka 50 ijayo.

Alipokuwa akisoma shahada ya uzamili ng'ambo, mwandishi wa makala haya alisikia mara nyingi ikisemwa kwamba visa vya safari ya wakati ni zao la viwanda na sayansi ya Ulaya, na kwamba watu wengine huvipokea tu. Chombo ni cha huko, hilo hatubishani. Lakini mashaka yanayokiendesha chombo hicho, yaani kama jana yaweza kutengenezwa, kama kesho imekwisha kuandikwa, na kama mtu aweza kulipokea jina la aliyemtangulia bila kuirudia mikosi yake, hayo yamejadiliwa Bokoli na viungani mwake kwa vizazi vingi, uwanjani, bakora mkononi. Kijana anayejua hivyo hatatazama tamthilia ya kigeni kama mgeni. Ataitazama kama jirani aliyeletewa kesi asikilize, naye ana haki ya kutoa rai.